Mtoto Akionewa Shuleni, Baba na Mama Waende Pamoja



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya mume na mke: matumizi ya pesa, wakwe, ulevi, na namna ya kusameheana. Leo tutazungumza juu ya mtoto anayeonewa na wenzake shuleni. Pengine utauliza, jambo hilo lahusu nini ndoa? Lahusu sana. Mara nyingi shida hii ikiingia nyumbani huwakuta baba na mama wana mawazo mawili. Mmoja ataka mtoto apigane, mwingine ataka ahamishwe shule. Wanagombana wao kwa wao, na yule mtoto aliyekuja kutafuta msaada ananyamaza. Basi shabaha ya somo hili ni moja: kabla ya wazazi kwenda shuleni, wapatane kwanza nyumbani, na wakienda, waende wakiwa na neno moja.

UONEVU NI NINI?

Si kila ugomvi wa watoto ni uonevu. Watoto wawili wa rika moja wakigombania mpira leo, kesho utawakuta wanacheza pamoja. Hao waache wajifunze kupatana. Uonevu ni jambo jingine. Mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Norway, Profesa Dan Olweus, alianza kuchunguza habari hii mashuleni katika miaka ya 1970, naye alifundisha watu kutazama mambo matatu. Kwanza, anayetenda akusudia kuumiza. Pili, jambo larudiwa tena na tena. Tatu, anayetendewa hana nguvu za kujitetea, ama kwa kuwa ni mdogo wa mwili, ama yuko peke yake na wenzake ni kundi, ama ni mgeni. Ukiyaona matatu haya pamoja, usiseme, "Ni michezo ya watoto."

Uonevu una sura nyingi. Kuna kupigwa na kufinywa. Kuna kunyang'anywa chakula, kalamu au nauli. Kuna kutumwa kama mtumishi: kuwafulia wakubwa nguo, kuwachotea maji, kuwatandikia vitanda. Katika shule za bweni, mwanafunzi mpya wa Kidato cha Kwanza aliitwa "mono" kwa miaka mingi, na wakubwa walijiona wana haki ya kumtesa kwa sababu nao waliteswa walipoingia. Mtaala umebadilika, na tangu mwaka 2026 wanaoingia wapya katika sekondari hizo ni wa Gredi ya 10. Lakini kubadilika kwa mtaala hakuondoi desturi mbaya. Mzazi anayempeleka mtoto bweni kwa mara ya kwanza awe macho.

Tena kuna uonevu usioacha alama mwilini. Mtoto achekwa kwa sababu ya kabila lake, ulemavu wake, viatu vyake vilivyotoboka, au kazi ya mama yake. Wengine wapatana kwamba fulani asisemeshwe na mtu, akae peke yake mwaka mzima. Siku hizi hata simu zatumika: mtoto apigwa picha ya aibu, nayo yasambazwa jioni ile ile. Zamani mtoto aliyeonewa shuleni alipumzika alipofika nyumbani. Huyu wa leo hufuatwa mpaka kitandani.

DALILI ZA KUTAZAMA

Watoto wengi hawasemi. Waona haya, au wametishwa kwamba wakisema watapata zaidi. Kwa hiyo mzazi hana budi kutazama. Je, mtoto aumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, na Jumamosi ni mzima? Je, vitabu na kalamu vyapotea kila wiki? Je, arudi na sare iliyoraruka na kusema ameanguka? Je, apita njia ndefu badala ya njia fupi? Je, aja nyumbani na njaa ingawa alibeba chakula? Je, amekuwa mkali kwa wadogo zake? Je, alama zake zimeshuka ghafula? Je, yule wa bweni alia anaporudishwa shuleni baada ya likizo fupi, na aomba pesa na sabuni kuliko wenzake?

Dalili moja si ushahidi. Kuumwa tumbo kwaweza kuwa minyoo. Lakini dalili mbili tatu zikija pamoja, baba na mama wakae chini.

BABA HUKU, MAMA KULE

Tuseme kuna mume na mke. Baba ni seremala, mama auza mboga sokoni. Mtoto wao wa kiume yuko Gredi ya 5 katika shule ya kutwa. Kila asubuhi apewa shilingi 20 za mandazi. Siku moja mama agundua kwamba mtoto hali mandazi. Zile shilingi 20 azitoa kwa mvulana mkubwa anayemngoja karibu na vyoo, na asipozitoa apigwa.

Mama afanya nini? Aogopa kumwambia mumewe, kwa maana ajua atasema mtoto ni mwoga. Basi kwa siri aongeza shilingi 20 nyingine kutoka kwenye pesa za mboga: moja ya mwonevu, moja ya mandazi. Baada ya mwezi baba aona pesa hazitoshi. Auliza. Ukweli watoka, na hapo moto wawaka. Baba asema, "Wewe ndiwe unayemharibu. Mimi nilipigwa shuleni nikawa mwanamume. Na yeye arudishe ngumi!" Mama ajibu, "Wewe huna huruma. Mtoto angekuja kwako angepata nini ila makofi?" Wapigiana kelele hadi usiku, na mtoto yuko nyuma ya pazia, asikia kila neno.

Kesho yake mama amwuliza mtoto, "Yule mvulana amekusumbua leo?" Mtoto ajibu, "La, ameacha." Hajaacha. Lakini mtoto amejifunza jambo moja: akisema ukweli, baba na mama wagombana. Kwa hiyo afadhali apigwe yeye kuliko nyumba yao ivunjike. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtoto wa miaka 10 ameubeba mzigo wa kulinda ndoa ya wazazi wake kwa mgongo wake mwenyewe.

Katika nyumba ile hakuna mzazi asiyempenda mtoto. Baba aliogopa mwanawe asije akawa mnyonge wa kuonewa maisha yote. Mama aliogopa asiumizwe. Hofu zote mbili zina haki. Lakini dawa zao zote mbili ni mbaya. Mtoto mdogo akirudisha ngumi kwa mkubwa, ataumizwa zaidi, au atajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Na mwonevu akilipwa, atarudi kesho kudai zaidi. Tena pesa zile za siri ziliharibu jambo lingine: mume alijiona amefichwa ndani ya nyumba yake. Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Katika nyumba, nyasi ni watoto.

MFANO WA NAZARETI

Mwinjili Luka, katika sura ya 2, asimulia jinsi Yesu, akiwa na miaka 12, alivyobaki Yerusalemu bila wazazi wake kujua. Twaijua habari hii kwa kuwa tunaitafakari katika Rozari, katika matendo ya furaha. Lakini isomeni tena mkiwa mume na mke, mtaona mambo manne.

Kwanza, Maria na Yosefu walirudi pamoja kumtafuta. Hakubaki mmoja akimlaumu mwenzake kwamba, "Si wewe uliyekuwa naye?" Pili, walipompata, Maria alisema kwa niaba ya wote wawili, na alimtaja Yosefu kwanza kabla ya kujitaja mwenyewe. Mtoto alisikia kwamba baba na mama walikuwa na uchungu mmoja. Tatu, Maria aliuliza swali, akangoja jibu. Hakuanza na kofi. Nne, walimkuta mtoto katikati ya walimu. Hawakuwashambulia wale walimu.

Hata wao hawakuyaelewa yote siku ile. Luka asema hivyo waziwazi. Lakini walirudi Nazareti pamoja, na mtoto akazidi kukua. Hiyo ndiyo njia tunayotaka kuifuata.

HATUA YA KWANZA: MSIKILIZENI MTOTO

Chagueni wakati wa utulivu. Watoto wengi husema vizuri zaidi mikono yao ikiwa na kazi, kama kumenya viazi au kuchunga mbuzi. Usimwulize, "Kwa nini hukupigana?" wala "Ulimfanyia nini kwanza?" Maneno hayo humfanya ajione mkosaji. Mwulize, "Ilikuwa wapi? Walikuwako nani? Ilianza lini? Ni nani mwingine anayeonewa? Kuna mwalimu unayemwamini?" Kisha umwambie maneno matatu: "Nakuamini. Si kosa lako. Baba na mama tutalishughulikia pamoja."

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mwahidi kwamba hutafanya jambo bila kumjulisha.

Nunueni daftari dogo. Andikeni tarehe, mahali, jambo lililotendeka, na majina ya walioona. Shati likiraruliwa, liwekeni. Ujumbe wa matusi ukija kwa simu, usiufute. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani hawezi kufanya kazi na neno "kila siku wanamsumbua." Lakini ukimwambia, "Jumanne, karibu na vyoo, wakati wa mapumziko ya saa nne na nusu," ana mahali pa kuanzia.

HATUA YA PILI: KUBALIANENI NINYI WAWILI

Kabla ya kwenda shuleni, mume na mke wajibu maswali matatu, mtoto akiwa amelala au ametumwa. Tunajua nini kwa hakika, na tunakisia nini? Tunataka shule ifanye nini? Na sisi wenyewe tutaacha kufanya nini?

Swali hilo la tatu ndilo gumu. Katika mfano wetu, mama hana budi kuacha kulipa pesa za siri, na baba hana budi kuacha kumwita mtoto mwoga. Kila mmoja aweke chini kitu chake. Hapo ndipo Sakramenti ya Ndoa inapofanya kazi yake jikoni na mezani, si siku ya arusi tu. Baba asiseme, "Mambo ya shule ni ya mama." Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Haukusema mama peke yake.

Najua waume wengi wafanya kazi mbali, Mombasa au Nairobi, na mke yuko nyumbani na watoto. Basi zungumzeni kwa simu mpaka mkubaliane, na mke akifika shuleni aweze kusema, "Mimi na baba yake tumekubaliana hivi." Na mzazi anayelea peke yake, mjane au aliyeachwa, asiende akiwa mnyonge. Achukue msimamizi wa ubatizo wa mtoto, au ndugu mwenye busara, au mwanajumuiya mmoja wa kuaminika. Wasimamizi hawakuwekwa kwa ajili ya picha ya ubatizo. Hii ni kazi yao.

HATUA YA TATU: NENDENI SHULENI

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Bwana wetu alituonyesha utaratibu wa kumwonya ndugu: kwanza kwa faragha, kisha pamoja na mashahidi wachache, kisha mbele ya kanisa. Utaratibu huo wafaa hata hapa. Anzeni na mwalimu wa darasa. Asipoweza, mwendee naibu wa mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri nasaha. Kisha mwalimu mkuu. Kisha bodi ya shule. Mtu anayeanzia juu huwavunja moyo wale wa chini, na hao ndio watakaokuwa na mtoto wako kesho.

Msiende nyumbani kwa yule mtoto mwingine kugombana na wazazi wake. Msimngoje langoni kumtisha. Mtu mzima anayempiga mtoto wa mwenzake atajikuta kituo cha polisi, na kesi ya mtoto wake itasahauliwa. Wala msiandike majina ya watoto katika kundi la wazazi kwenye simu. Jioni moja tu, na kijiji kizima kimegawanyika.

Mkiomba nafasi, ombeni siku ambayo mwalimu ana wakati, si saa moja na nusu asubuhi akiwa na chaki mkononi. Kisha semeni kwa utulivu namna hii: "Mwalimu, tunakushukuru kwa kazi yako. Tumekuja kwa sababu mtoto wetu amekuwa akinyang'anywa pesa na kupigwa karibu na vyoo. Tumeandika siku zenyewe. Hatukuja kumshtaki mtu. Tungependa kujua wewe umeona nini, na tupange pamoja la kufanya." Sikilizeni jibu. Pengine mwalimu atawaambia jambo msilolijua juu ya mtoto wenu. Lipokeeni.

Wazazi wengine hufika wakidai mwonevu achapwe mbele ya shule nzima. Mwalimu hawezi kulifanya hilo. Viboko vilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumwadhibu mwanafunzi mwilini na kumtesa nafsi. Tena kiboko hakimponyi mwonevu. Chamfundisha kwamba mwenye nguvu hupiga, jambo ambalo tayari alijua.

Ombeni vitu vinavyoonekana. Mtakatifu Yohane Bosko (1815–1888), aliyewalea wavulana maskini wa mji wa Torino huko Italia, aliwafundisha walezi wake kukaa katikati ya watoto uwanjani, ili kosa lizuiwe kabla halijatendeka. Hekima hiyo ina nguvu hadi leo, kwa sababu uonevu hutendeka mahali ambapo hakuna mtu mzima: vyooni, nyuma ya madarasa, bwenini taa zikizimwa, na njiani kwenda nyumbani. Basi ulizeni: Mwalimu wa zamu aweza kupita karibu na vyoo wakati wa mapumziko? Mtoto aweza kuketi karibu na rafiki mwema? Ni mwalimu gani atamwendea akiguswa tena? Nani atazungumza na yule mvulana na wazazi wake? Na lililo kuu: tutakutana tena lini? Msiondoke bila tarehe. Wiki mbili zatosha.

Jambo moja zaidi. Shule nyingine hupenda kumaliza mambo haraka: watoto wawili huitwa ofisini, huambiwa wapeane mikono, basi. Ombeni lisifanywe hivyo siku ya kwanza. Mtoto aliyeonewa atautoa mkono kwa hofu, na wakitoka nje atalipia. Kila mmoja azungumziwe peke yake kwanza.

HATUA YA NNE: FUATILIENI

Turudi kwa seremala na mkewe. Wamekwenda pamoja kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu amechunguza, akaona kwamba yule mvulana mkubwa huja shuleni bila chakula, kwani alibaki na nyanya yake mzee, naye alikuwa akiwanyang'anya watoto watatu, si mmoja. Shule imezungumza na yule nyanya na kumtafutia mvulana chakula cha mchana. Kwa wiki tatu pawa shwari. Wiki ya nne apokonya tena. Je, mpango umeshindwa? La. Tabia ya mwaka mzima haitoki kwa siku moja. Wazazi walirudi na daftari lao, kwa sauti ile ile ya kwanza, na mwalimu akakaza ulinzi. Wazazi wengi hushindwa hapa. Wanakwenda mara moja wakiwa na hasira, kisha wakirudiwa na shida wanasema, "Shule ile haina maana," na kumhamisha mtoto. Kuhamisha kwaweza kuwa lazima mwishoni, lakini kusiwe ndiko kwa kwanza.

Kama shule haitaki kusikia, andikeni barua kwa mwalimu mkuu na mbaki na nakala. Kisha bodi ya shule, na baadaye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ikiwa shule iko chini ya udhamini wa Kanisa, padre wa parokia na padre mlezi wa wanafunzi waweza kuwasaidia, kwa kuwa mdhamini ana wawakilishi katika bodi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili wa kila namna. Kwa hiyo hamwombi hisani. Hata hivyo semeni kwa adabu. Haki haipungui kwa kusemwa polepole.

Na ikiwa anayemtesa mtoto ni mwalimu, msianze kwake. Anzeni kwa mwalimu mkuu, na asipotenda, pelekeni habari kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC. Akiwa ni kiranja, mkumbusheni mwalimu mkuu kwamba cheo cha kiranja hakimpi ruhusa ya kuadhibu wenzake.

MAMBO YASIYONGOJA

Kuna mambo ambayo hatua hizi hazitoshi. Mtoto akiumizwa vibaya, mpelekeni hospitali kwanza, kisha polisi, mpate fomu ya P3. Akinajisiwa, awe msichana au mvulana, msimwogeshe wala msifue nguo zake. Mpelekeni hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Jambo hilo ni la sheria. Wazee wasiketi kulimaliza kwa mbuzi, wala shule isiwaambie mlifunike ili jina lake lisichafuke.

Vilevile mtoto akisema, "Afadhali nife," msimkemee wala msiseme anatafuta huruma. Kaeni naye, ondoeni dawa za mifugo na kamba mahali pa karibu, na mtafute daktari au mshauri siku ile ile. Namba ya simu 116 ni ya kuwasaidia watoto, nayo haina malipo. Afisa wa watoto naye yuko kwa kazi hiyo.

NA AKIWA WAKO NDIYE MWONEVU?

Siku moja waweza kuitwa shuleni uambiwe mtoto wako ndiye anayewatesa wengine. Usisimame kumtetea kabla hujasikia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Rudini nyumbani, baba na mama, mjiulize: mtoto huyu ameona wapi kwamba mkubwa humshinda mdogo kwa kofi? Je, ameliona kwetu? Ikiwa baba humpiga mama, mtoto hahitaji mwalimu mwingine wa uonevu.

Msaidieni atengeneze. Katika Kitubio twajua kuna majuto, kuna kuungama, na kuna malipizi. Mtoto aliyechukua shilingi 20 azirudishe, kwa kufanya kazi nyumbani ikiwa hana. Aliyemchafulia mwenzake jina aseme ukweli mbele ya wale waliomsikia.

Na mtoto aliyeonewa asisukumwe kusamehe kesho yake. Msamaha ni wa lazima kwa Mkristo, lakini kusamehe si kunyamaza, wala si kurudi mikononi mwa anayepiga. Kwanza alindwe, kisha aombewe, kisha afundishwe polepole kumwombea hata yule aliyemtesa. Akiwaona baba na mama wakiombana msamaha baada ya ugomvi, atajua ni kitu gani tunachomwambia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Mtoto wetu akiwa na shida, humwendea nani kwanza? Kwa nini hamwendei yule mwingine?

2. Je, kuna jambo la watoto ambalo mmoja wetu humficha mwenzake kwa hofu?

3. Mara ya mwisho tulipokwenda shuleni, tulikwenda kwa sababu gani? Je, mwalimu wa darasa atujua kwa sura, sote wawili?

4. Katika Jumuiya yetu kuna mzazi anayelea peke yake. Nani atamsindikiza shuleni?

Ndugu msomaji, jioni ya leo kabla ya sala, mwulize mwanao jambo moja tu: "Leo ulicheza na nani?" Akijibu kwa furaha, mshukuru Mungu. Akinyamaza, usimwache. Mwite mwenzako, mketi wote watatu. Mungu azibariki nyumba zenu.